Msumari Kwenye Msingi wa Tangi

Mimi nina hasira za karibu na sijawahi kuzificha. Mama yangu kule Webuye husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kazini zimenisaidia, maana mwanamke anayesimama na mashine ya kupimia kati ya wanaume arobaini wenye sururu, asipokuwa na ulimi mkali, atasukumwa kando kama toroli. Lakini wacha niwaambie siku ambayo ulimi huo ulikaribia kuua watu. Wengi wanaoisimulia pale mtaani Satellite huipunguza ili wanisitiri. Sitaki kusitiriwa.

Naitwa Namalwa, mpima ardhi. Ofisi yetu iko Kilimani, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Mwaka jana kanisa moja la Satellite lilitupa kazi ya kugeuza machimbo ya zamani ya mawe kuwa uwanja wa watoto: bembea, njia ya kukimbilia, ukuta mfupi wa kukwea, viti vya wazazi. Shimo lenyewe lina kina cha nyumba ya ghorofa mbili. Juu yake, ukingoni, kuna ploti ya bibi mmoja mzee, Shosho Hannah, vyumba vinane vya kupangisha vilivyojipanga mstari mmoja, milango yote ikitazama shimo. Mwisho wa mstari kuna tangi la maji lililokaa juu ya msingi wa zege. Kati ya vyumba na shimo kulijengwa ukuta wa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ili udongo usishuke. Ukuta ulipoisha, kazi yangu ilibaki moja tu: kuupima kila Jumamosi nione kama unasogea.

Namna ya kupima ni rahisi kueleza. Unatafuta mahali pasiposogea, unapigilia msumari, unasimamisha mashine juu yake, unalenga vioo vidogo ulivyobandika ukutani. Umbali ukibadilika, ukuta umesogea. Kila kitu kinategemea ule msumari. Ukiupiga pabaya unaweza kupima miaka kumi na ukajidanganya miaka kumi.

Msumari wangu niliupiga kwenye msingi wa tangi. Sikubahatisha. Nilikuwa nimepanga foleni asubuhi nzima katika ofisi ya ramani mjini, nikatoka na nakala iliyoonyesha ukingo wa machimbo ukikomea mita sita mbele ya pale tangi lilipo. Tangi, kwa ramani hiyo, lilikuwa juu ya mwamba.

Siku niliyokuwa naupigilia, mlinzi wa saiti alinijia. Nashon, mzee wa miaka sabini hivi kutoka Siaya, mpole, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Ujana wake wote aliumaliza katika shimo hilo akichonga mawe.

"Madam, hapo usiweke," akasema. "Hapo palikuwa shimo. Tulitoa mawe mpaka nyuma ya hizi nyumba. Baadaye wakajaza taka na udongo, halafu wakajenga."

"Mzee, ramani inasema kuna mwamba."

"Ramani haikuwa hapa. Mimi nilikuwa hapa."

Jua lilikuwa kali, nilikuwa sijala, na wafanyakazi walikuwa wamesimama wakitusikiliza. Nikamwambia, "Wewe umeajiriwa kulinda simiti ama kunifundisha kazi?" Wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Kiragu, mkandarasi. Nashon akasogea msingini. Alikuwa na nyundo mkononi. Akagonga ule msingi mara moja, akainamisha sikio, akatikisa kichwa, akaenda zake langoni. Wachonga mawe ndivyo wanavyofanya: jiwe lililoshikana na ardhi hulia, na lisiloshikana hunyamaza. Nilijua hivyo tangu chuoni, na bado sikuuliza alisikia nini.

Wiki sita nikapima, na wiki sita mashine ikanipa sifuri. Ukuta haukusogea hata unywele. Wiki ya sita nikatia sahihi cheti cha usalama, Kiragu akakitolea nakala, na Shosho Hannah akaitia nakala yake kwenye fremu ya kioo.

Uwanja ulipangwa kufunguliwa Jumamosi moja, mwezi wa nne tangu nipige msumari, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Nilifika saa mbili kupima mara ya mwisho, nikiwa nimevaa nguo nzuri, maana nilikuwa nimeahidiwa kiti cha mbele. Chini shimoni mahema meupe yalishasimama na kina mama walikuwa wanachambua mchele wa pilau. Nikapima vioo vyote kumi na viwili.

"Sifuri tena?" Kiragu akaniuliza. Alikuwa na suti mpya na viatu vilivyoshalowa tope.

"Sifuri."

"Ndiyo maana nakupenda, Injinia. Hauna maneno mingi."

Nilikuwa nafunga mashine niliposikia randa. Sauti ya mbao ikichunwa, shwaa, shwaa, ikitoka kwenye vyumba vya Shosho. Fundi Jackton alikuwa amelaza mlango juu ya viti viwili, maranda yamemjaa miguuni.

"Niaje, Madam. Hii milango itanimaliza," akasema. "Hii nimeipiga randa Jumatatu, leo imekwama tena. Ile ya chumba cha tano ndiyo usiseme, nimeipunguza mara tatu. Nikiendelea hivi itabaki dirisha."

Nikacheka. Halafu nikautazama ule mlango vizuri. Alikuwa ameuchuna juu, kona moja tu. Chini hakuugusa.

"Mbona umekata upande mmoja?"

"Si ndiko inabana. Zote zinabana hiyo kona moja."

Mbao ikivimba kwa mvua huvimba yote. Milango minane haiwezi kubana kona ileile, isipokuwa fremu zimepinda, na fremu hazipindi mpaka nyumba iende mahali. Nikaingia chumba cha tano bila hata kubisha hodi. Mwenye chumba, mwanamke anayeuza mitumba, alikuwa anakunywa chai. Nikamwomba radhi na kufunua mkeka wa plastiki sakafuni. Kulikuwa na ufa wa upana wa kidole, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta.

"Huo uko tangu mwezi jana," akasema. "Tulimwambia Shosho, akatuonyesha karatasi."

Chumba cha sita, ufa uleule. Cha saba. Cha nane. Nikatoka nje kwa nyuma nikiufuata ardhini, mahali pengine nimepiga magoti na ile sketi yangu nzuri. Nilikuwa naomba Mungu upite mbele ya tangi. Ukapita nyuma. Ukalizunguka tangi na msingi wake na msumari wangu, ukashuka kwenda shimoni.

Kila kilichokuwa upande ule wa ufa kilikuwa safarini, ukuta, milango, tangi na msumari wangu. Vilikuwa vinateremka pamoja kama abiria wa gari moja, na abiria akimtazama mwenzake aliyeketi kando humwona ametulia. Ndiyo sababu mashine ilinipa sifuri. Sifuri ile haikuwa na maana yoyote.

Lakini dhana si kipimo, na kwa Kiragu ningehitaji kipimo. Nikakumbuka kwamba siku ya kwanza kabisa, kwa mazoea tu, nilipima pia umbali kutoka msumari hadi bikoni ya barabara, kinguzo cha zege cha wapima ardhi, iliyo ng'ambo ya kijito kinachopita upande wa pili wa shimo, halafu sikuutazama tena. Nikatoa daftari la saiti mkobani. Ukurasa wa kwanza. Umbali: mita mia moja na kumi na mbili, milimita mia nne kumi na nane. Na pembeni yake, katika safu ya maoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Mlinzi anasumbua.*

Nilitaka ardhi inimeze, na kwa pale nilipokuwa nimesimama hilo halikuwa jambo la kutania.

Nashon alikuwa langoni akielekeza magari. Nikamkimbilia.

"Mzee, nakuomba unishikie kioo pale kwenye bikoni, ng'ambo. Kimbia kama unaweza."

Akanitazama usoni, akatazama kule tangi lilipo. Akachukua fimbo yenye kioo, akashuka darajani kwa mwendo ambao sikuujua anao. Mimi nikasimamisha mashine upya juu ya msumari, nikamwona ndani ya lenzi akiinyoosha fimbo ile wima, ametulia kama anashikilia mshumaa kanisani. Nikabonyeza.

Mita mia moja na kumi na mbili, milimita mia tatu sabini na moja.

Arobaini na saba zimepotea. Nikarudia, nikapata hivyohivyo. Nikamwashiria asiondoke, nikaangalia saa, nikasubiri dakika ishirini. Sijawahi kungoja dakika ndefu vile. Watoto walikuwa wameanza kufika na walimu wao wa Jumapili, wamevaa fulana za manjano, wanashuka ngazi wawili wawili. Nikabonyeza tena. Mia tatu sitini na nane.

Milimita tatu kwa dakika ishirini. Kwa miezi minne ukuta ulijivuta, na sasa ulikuwa unatembea.

"Funga ngazi," nikamwambia Kiragu. "Watoe watoto shimoni. Ukuta unashuka."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa harusi yake imeahirishwa. "Injinia, saa moja haijaisha tangu uniambie sifuri."

"Sifuri ilikuwa ya uongo. Msumari nao unashuka."

"Kwa hivyo cheti ni cha uongo?"

"Ndiyo."

"Sahihi ya nani iko hapo?"

"Yangu. Funga ngazi, Kiragu."

"Wageni wako njiani, mimi siwezi kufunga kitu juu ya msumari mmoja," akasema, akanipa mgongo na kutoa simu.

Nikapanda kwa Shosho Hannah. Alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake, cha kwanza katika mstari, amevalia rinda la kanisani na kitambaa cheupe cha chama cha kina mama. Nikamwambia atoe wapangaji wote sasa hivi. Hakuinuka. Aliingiza mkono nyuma ya mlango, akaangua ile fremu ya kioo, akanishikia usoni.

"Nisomee hapa," akasema.

"Shosho, hakuna wakati."

"Nisomee, mami. Wapangaji wananiletea maneno ya milango kila siku, na mimi nawaonyesha hii. Nimewaambia msichana aliyesoma amepima. Nimekosana na watu juu yako. Sasa unakuja na tope kwa magoti unaniambia nini?"

Nilisoma. Jina langu, nambari yangu, sahihi yangu yenye mkia mrefu. Nimebishana na wahandisi, na madiwani, na askari wa jiji, na siku zote nilikuwa na la kusema. Pale niliyekuwa nabishana naye ni mimi.

Nikateremka ngazi mbili mbili. Chini kabisa, kwenye hema, mchungaji alikuwa anajaribu kipaza sauti. Watoto sitini hivi walishapanda bembea, na kila bembea ikienda nyuma ilikuwa inaelekea ukutani. Nikamnyang'anya mchungaji kipaza sauti. Ndiyo, nilimnyang'anya, na nilikuja kumwomba msamaha baadaye.

Nikasema, "Naitwa Namalwa, mimi ndiye niliyepima huu ukuta. Nilikosea. Karatasi niliyotia sahihi si ya kweli." Sauti yangu ikaruka kwenye spika na kurudi kutoka kwenye mawe. Mama mmoja akabaki na mwiko hewani.

"Mzee Nashon aliniambia. Aliniambia msumari wangu uko juu ya shimo lililojazwa taka, kwa sababu yeye ndiye aliyelichimba. Nilimcheka mbele ya watu. Ramani niliyomringia nayo lazima ilichorwa machimbo yakiwa bado yanachimbwa, na sikuangalia hata mwaka wake. Yeye alikuwa sahihi na mimi mjinga. Ukuta unakuja. Shikeni watoto, acheni kila kitu, pandeni upande wa barabara."

Kwa sekunde moja hakuna aliyetikisika. Halafu Nashon, ambaye alikuwa amerudi na fimbo yake, akaenda penye bembea ya kwanza, akamnyanyua mtoto mmoja, akamshika mwingine mkono, akaanza kupanda. Walimu wakamfuata. Kina mama wakafuata walimu, na mmoja alijaribu kubeba sufuria ya nyama nikamfokea mpaka akaiacha. Huko juu, Jackton alitupa randa akaanza kugonga chumba hadi chumba. Sauti ya spika ilikuwa imefika kila mahali, hata kwa Shosho. Alitoka wa mwisho, polepole, na kitu pekee alichobeba ni ile fremu.

Saa nne na nusu kila mtu alikuwa barabarani. Nikasimamisha mashine ng'ambo, penye bikoni, juu ya mwamba ambao safari hii Nashon aliugonga kwanza. Nikaelekeza lenzi kwenye ukuta.

Saa tano hakukutokea kitu. Saa sita watoto wakaanza kulilia chakula, wakawa wanauona wali ulivyoachwa mahemani. Jua likatoka, anga likawa safi, na ukuta ukakaa pale umenyooka, mzuri kama siku tuliyoumaliza. Mgeni rasmi alifika, akaambiwa, akageuza gari. Kiragu akaja akasimama nyuma yangu.

"Jumatatu nakupeleka mbele ya bodi ya wapima ardhi," akasema. "Umenimwagia unga mbele ya kanisa zima."

"Nipeleke."

Watu walinong'ona juu yangu. Nilisikia mmoja akisema huenda nimerogwa, mwingine akasema kazi hii si ya wanawake. Mwenye mitumba alitaka kurudi kuchukua mizigo yake, tukavutana naye mikono karibu tupigane. Na wacha niseme lililokuwa moyoni mwangu, kwa sababu niliahidi sitajisitiri. Nilitamani ukuta uanguke. Vyumba vya watu, vitanda vyao, sare za shule za watoto wao, nilitamani vyote vishuke ili nionekane sikusema uongo. Nilipojikamata nikiwaza hivyo nilijichukia.

Nashon alikaa kwenye jiwe kando yangu. "Usiwasikize, Madam," akasema. "Hii kitu haina haraka yako."

Saa saba na dakika arobaini tulisikia waya ukikatika. Mlio mmoja, kama uzi wa gitaa. Halafu wa pili, halafu mingi pamoja, na kizimba cha katikati kikafura tumbo na kutapika mawe. Ukuta haukuanguka, ulikaa chini, kama mtu aliyechoka kusimama. Nyuma yake udongo mweusi ukamiminika ukiwa na matairi, chupa na mabati ya zamani ndani yake, ukafunika bembea, viti vya wazazi na mahema. Tangi likainama likamwagika. Kuta za mbele za vyumba vitano zikaenda pamoja na milango ya Jackton. Nyumba zikabaki wazi, vitanda vikionekana, kalenda zikipepea ukutani.

Vumbi lilipotulia walimu walikuwa wanahesabu fulana za manjano. Walihesabu mara tatu. Zilitimia.

Mwenye mitumba aliketi barabarani akalia, nami nikaketi karibu naye nikalia pia, na hakunifukuza. Shosho Hannah alikuja na fremu yake. Nilidhani atanipasulia kichwani, na nisingemlaumu. Akaniwekea miguuni.

"Chukua karatasi yako," akasema, akaenda kuwatafutia wapangaji wake mahali pa kulala kanisani.

Jioni, kabla jua halijatua, Nashon aliniletea kioo cha kupimia akiwa amekifuta tope kwa kofia yake. Nilikuwa nimefungua daftari ili niandike saa na vipimo, maana lingetakiwa na bodi Jumatatu. Akainama akatazama ule ukurasa wa kwanza. Anasoma polepole, kwa kidole. Nilikiona kidole kikifika kwenye safu ya maoni na kusimama.

"Hii ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe."

"Utaing'oa hii karatasi?"

"Siing'oi. Wataiona ilivyo."

"Basi haijakamilika," akasema. "Umeandika mlinzi. Walinzi ni wengi hapa Satellite, watajua aje ni nani alikwambia? Weka jina."

Nikachukua kalamu nikaandika *Nashon*. Akaniambia hilo ni la ubatizo tu, niongeze la baba yake, ambaye naye alikuwa mchonga mawe. Sikuwa nalijua. Miezi minne tulisalimiana langoni kila Jumamosi na sikuwa nimemwuliza.

"Ni nani baba yako, Mzee?" nikamwuliza, na alipolitaja nikaliandika.